Ni Nani Amwulizaye Mfanya Biashara?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu, nipate kujibu maneno yanayosemwa sana siku hizi katika vijiji vyetu vya Kilimanjaro, barazani na sokoni, na hata nje ya kanisa watu wanapotoka ibadani. Maneno hayo ni ya namna mbili, nayo yapigana kama mafahali wawili. Wazee wasema, "Sisi tulipouza kahawa tulisomesha watoto wa mlima mzima, vijana wa leo kila mtu ajijazia mfuko wake." Vijana nao wajibu, "Ninyi mlitafuta fedha tu. Sisi ndio wa kwanza kufanya biashara kwa ajili ya jamii." Nimezisikiliza pande zote mbili kwa saburi, na sasa nasema waziwazi ya kuwa zote mbili zimepotea njia. Tena ubishi huu watupotezea wakati, na huku mibuni yazeeka vihambani na vijana wazidi kushuka mjini.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Mtu wa biashara siku hizi aitwa mjasiriamali. Neno hili limefumwa kwa maneno mawili, ujasiri na mali. Ni neno zuri, walakini mtu akilichungua ataona upesi ya kuwa jirani hamo ndani yake. Mtu aweza kuwa jasiri, akapata mali, na jirani yake asipate hata chumvi. Basi nia ya kumfaa jirani haizaliwi na biashara yenyewe. Lazima itoke mahali pengine. Watu wengi hudhani kwamba yatoka moyoni, na kwamba kizazi kimoja kimejaliwa moyo mwema kuliko kingine. Mimi nakana. Mioyo ya watu ni ile ile tangu babu hata mjukuu, ina wema na ina choyo. Kinachobadilika ni yule amwulizaye mfanya biashara, "Faida hii umeifanyia nini?" Kila kizazi kimekuwa na mwulizaji wake, na makusudi ya biashara yamefuata sura ya mwulizaji huyo. Nitavieleza vizazi vitatu vya mlima wetu, kisha msomaji aamue mwenyewe kama nasema kweli.

Kizazi cha kwanza ni cha mababu zetu wa kahawa. Mapadre wa Kilema walileta mbuni mlimani katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wenyeji walianza kuupanda kwa wingi katika vihamba vyao, chini ya migomba. Walowezi wa Kizungu hawakupenda. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa katika mashamba yao, tena waliogopa kukosa vibarua. Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaungana katika chama chao cha kwanza, kilichojulikana kwa herufi KNPA, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wake. Chama kile kilipata taabu za fedha na ugomvi na serikali. Na mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, mahali pake pakashikwa na KNCU, chama kikuu chenye vyama vya msingi chini yake.

Je, waliungana kwa kuwa walikuwa na mioyo ya malaika? Hasha. Waliungana kwa kuwa kila mmoja peke yake alikuwa mdogo mbele ya mnunuzi na mbele ya mlowezi. Mwenye magunia mawili ya kahawa ya maganda hakuweza kuipeleka mwenyewe hata ng'ambo. Faida yake ilikuwa katika kundi. Na kwa kuwa mali ilikuwa ya kundi, mwulizaji aliketi pale pale, naye ni mwanachama mwenzake kwenye benchi la mkutano. Kanuni ya ushirika ni kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na shamba kubwa au awe na kihamba cha kuzungukwa kwa dakika tano. Katibu akisoma hesabu, mtu wa nyuma aweza kusimama na kusema, "Rudia hapo." Chama kile kilisaidia shule na kusomesha vijana, wengine hata nchi za mbali, maana wenye kahawa ndio waliokuwa wazazi wa watoto wasio na shule. Aliyetoa na aliyepewa walikuwa mtu mmoja.

Hata hivyo wazee wasijisifu kupita kiasi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bei ilipoanguka, na watu wakiwa wamelazimishwa kuuza kahawa yao yote kwa chama, ghasia zilitokea mlimani mwaka 1937, na ofisi za vyama kadhaa zikashambuliwa. Walioshambulia ndio hao hao mababu tunaowasifu. Haya yatufundisha kwamba hata chama chema, wenyewe wakiona hawawezi tena kukiuliza kwa maneno, watakiuliza kwa fujo.

Mwaka 1976 swali lilizimwa kabisa. Serikali yetu ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi yao ikapewa mashirika ya mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na KNCU ikafufuliwa mwaka 1984. Lakini watu waliokaa miaka minane wakipeleka kahawa kwa shirika wasiloweza kulihoji walikuwa wamekwisha zoea kunyamaza. Jengo lilirudi, mazoea ya kuuliza yakabaki njiani. Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Na tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuja vijijini na fedha mkononi. Wengi wakawauzia. Wengine wakang'oa mibuni, wakapanda mahindi na nyanya.

Katikati ya mambo hayo kilikua kizazi cha pili, yaani baba zetu na mama zetu waliozaliwa karibu na Uhuru wa mwaka 1961. Hawa walijifunza biashara wakati wa uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni, sukari na khanga zilipatikana kwa foleni ndefu au kwa kujuana. Mwaka 1983 ilitangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wengi wa biashara wakakamatwa. Milango ilifunguliwa baada ya mwaka 1985, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa. Sasa nawauliza wasomaji: mchuuzi aliyeficha katoni ya sabuni chini ya kitanda, je, angeweza kusoma hesabu zake mbele ya mkutano? Alijifunza kufanya biashara peke yake, kimya, na kumwamini ndugu wa damu tu. Kwa hiyo mwulizaji wake akawa ukoo wake, na siku ya kuulizwa ikawa mwezi wa Desemba, wakati watoto wote wa mlimani warudipo nyumbani. Hapo huulizwa, "Umejenga? Umemsomesha mdogo wako? Umetoa nini kwa ujenzi wa shule?"

Nao walijibu kwa matendo, tena makubwa. Kilimanjaro ikajaa shule za sekondari zilizojengwa kwa michango ya wazazi na makanisa. Mfano ujulikanao na wote ni marehemu Reginald Mengi, mwana wa Machame, aliyefariki mwaka 2019. Alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake wakati wa uhaba, akaja kuwa na viwanda, magazeti, redio na televisheni. Akahimiza upandaji wa miti mlimani, na kwa miaka mingi akawakaribisha watu wenye ulemavu kula pamoja naye. Ule ni wema wa kweli, wala siupunguzi hata kidogo. Walakini wema wa namna ile hutoka katika mkono wa mtu mmoja. Mkono ukifungwa na mauti, aliyekuwa akipewa hana kitabu cha kudai wala kura ya kupiga. Abaki akitumaini kwamba mrithi atakuwa na moyo kama wa marehemu.

Kizazi cha tatu ni cha vijana wa leo, na wengine wao nimewafundisha kusoma mimi mwenyewe. Hawa wamekua na simu mkononi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iitwayo M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008. Kwao kupeleka fedha kwa kidole ni jambo la kawaida kama kuteka maji. Wamesoma kuliko baba zao, lakini kazi za ofisini ni chache, na ardhi ya mlimani imekwisha gawanywa hata haigawanyiki tena. Basi wameanza biashara za namna nyingine, kama kusindika ndizi, kufuga nyuki, kuuza taa za jua, na kukaanga kahawa na kuifunga kwa pakiti zenye picha ya mlima. Mtaji wautafuta kwa mashindano na kwa wafadhili. Tajiri wa Nigeria, Tony Elumelu, kupitia mfuko wake alianza mwaka 2015 kutoa dola 5,000 kwa kila mwanzilishi wa biashara aliyechaguliwa kutoka nchi za Afrika. Na mifuko mingine ya namna hiyo iko mingi. Katika fomu za wafadhili wengi limo swali hili: "Biashara yako itawafaa watu wangapi katika jamii?"

Hapo ndipo tulipofika, ndugu zangu. Kijana wa leo huzungumza habari za jamii kuliko babu yake, kwa kuwa mwulizaji wake humtaka azungumze hivyo. Sisemi kwamba asema uongo. Wengi wana uchungu wa kweli, maana wameona mama zao wakibeba maji na dada zao wakiacha shule. Lakini mwulizaji wao yuko mbali. Hajui Kichaga, hajui mfongo uliokauka uko upande gani wa kilima, na akisha kuletewa taarifa yenye picha nzuri, swali lake limekwisha.

Nitatoa mfano mmoja bila kumtaja mtu. Katika kijiji kisicho mbali na shule yangu, vijana fulani walipata fedha za mashindano, wakaleta mashine ya kukaushia ndizi. Akina mama waliambiwa walete mikungu yao, nao watalipwa mwisho wa mwezi. Wageni walikuja, picha zikapigwa, akina mama wakashangilia. Baada ya miezi mitatu mashine iliharibika. Akina mama wakauliza malipo ya mikungu ya mwisho yako wapi. Wakajibiwa ya kwamba taarifa imekwisha pelekwa kwa wafadhili, nao wafadhili wameridhika. Nasema, nani ameridhika? Mwenye mkungu hajaridhika! Jina lake lilitumika kuomba fedha, sura yake ilitumika kuonyesha kazi, na siku ya hesabu yeye akawa mgeni. Huyu ndiye jamii inayoandikwa katika fomu. Nawaambia ninyi vijana, mtu mnayemwita jamii akiwa hana haki ya kuwauliza, basi kwenu yeye ni bidhaa, nanyi mwamuuza kama mwuzavyo ndizi.

Sasa nawageukia wazee, wasije wakacheka mapema. Mwalaumu vijana kwamba wana ubinafsi na hawaji chamani. Je, waje kwa mlango gani? Uanachama wa chama cha msingi wahitaji kahawa. Kahawa yahitaji kihamba. Na kihamba ni cha baba. Kwa desturi yetu mtoto wa mwisho hungojea kurithi nyumba ya wazazi, kaka zake hutafutiwa pengine, na pengine pamekwisha. Kijana wa miaka 35, mwenye mke na watoto, apulizia mrututu katika mibuni ya baba yake kila msimu, apambana na chulebuni na kutu ya majani, lakini kitabuni jina ni la baba, na kura ni ya baba. Mkewe huchuma, humenya, huosha na kuanika, naye hajawahi kuitwa mkutanoni. Mkimnyima mtu kiti katika baraza lenu, msistaajabu akitafuta kiti katika baraza la wageni. Mkono mtupu haulambwi. Nayo mikutano ya vyama vingi siku hizi imekuwa ya watu wachache wenye mvi, wanaosikia madeni yakisomwa na kuitikia "Ndiyo" wapate kuwahi chakula. Mwasifu mababu waliojenga chama, na huku jambo moja lililowafanya wakuu, yaani kusimama na kuuliza, mmeliacha.

Najua watakaonipinga. Mmoja atasema, "Mwalimu, biashara ni mali ya mtu, kijiji kina haki gani kuidai hesabu?" Namjibu hivi. Ikiwa ni mali yako, fanya kazi yako, lipa kodi, lipa vibarua wako kwa wakati, na hakuna mtu atakayekugusa. Duka ni duka. Lakini siku ile ulipoandika jina la kijiji ili upewe fedha, ulikifanya kijiji kuwa mshirika wako. Mshirika huonyeshwa daftari. Na mikopo ya halmashauri ni vivyo hivyo. Sheria imeagiza kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itengwe, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile ni fedha ya ushuru wa soko, ni fedha ya yule yule mwenye mkungu.

Mwingine atasema, "Watu wa kijijini hawajui hesabu, ukiwasomea hawataelewa." Maneno haya yananichukiza kuliko yote. Nendeni mkatazame akina mama katika vikundi vyao vya kuweka na kukopa, hivyo viitwavyo VICOBA. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu mbalimbali. Fedha huhesabiwa mbele ya wote kwa sauti, na mwenye deni hutajwa akiwapo. Humo mna bibi na mjukuu pamoja, wala hakuna anayeuliza kizazi kipi kina moyo mwema. Kila mmoja ajua hisa zake, na kila mmoja aweza kusema, "Rudia hapo." Watu hao hawajui hesabu? Hesabu waijua, wanachokosa katika biashara zenu ni kusomewa.

Basi nashauri mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni kwenu vijana. Kila biashara iliyopokea fedha kwa jina la kijiji isome hesabu zake mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo wa watu wote waliofikia miaka 18 umo katika sheria, nao yapasa ukutane kila miezi mitatu. Semeni mlipata kiasi gani, kimetumikaje, nani anadai, na mashine ikiharibika ni nani atakayeitengeneza. Mkiona haya kusoma, jiulizeni sababu ya haya hiyo.

La pili ni kwenu wazee. Kila baba amkatie mwanawe, na binti yake vilevile, mistari michache ya mibuni akiwa yeye mwenyewe yu hai, naye apeleke kahawa kwa jina lake na ajiandikishe katika chama. Jina la mke anayechuma na kumenya nalo liandikwe. Mkiogopa kwamba vijana watawauliza maswali mengi mkutanoni, jueni ya kwamba hayo ndiyo mliyokuwa mkiyakosa.

La tatu ni kwenu mnaorudi Desemba. Michango yenu kwenye karamu twaishukuru. Lakini fedha ile ile ikiwekwa kuwa hisa katika chama cha kijiji au katika biashara ya kijana, itawapa haki ya kuuliza mwaka mzima, nayo itampa kijana mtaji asiopaswa kuupigia picha. Na kama hatujui namna ya kuandika hesabu za ushirika, chuo kipo hapo Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014. Watu hutoka mbali kuja kujifunza huko, na sisi tulio jirani twapita mlangoni tukienda sokoni.

Nimesema maneno makali, nami siyaondoi. Kahawa ya mlima huu ilipandwa na watu waliokatazwa, ikauzwa na watu waliodharauliwa, ikasomesha watoto wa watu wasiojua kusoma. Mibuni ile sasa imezeeka, na anayeweza kupanda mipya ni kijana, si mzee. Lakini kijana hatapanda mti katika shamba asilo na jina ndani yake, wala mama hataleta mkungu wa pili mahali alipodhulumiwa mkungu wa kwanza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi na tuulizane, wazee kwa vijana, mbele ya watu wote na daftari likiwa mezani.

Mwenye neno la kunijibu na aandike kwa Bwana Mhariri. Nitalisoma kwa furaha, hata likiwa chungu.

Ni mimi,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilimanjaro.